Daftari la kwanza liwe ndani ya simu ya karani

Programu nyingi zinazotengenezwa Arusha na Moshi kwa ajili ya wakulima, waongoza watalii, maduka ya dawa na vikoba zina tabia moja: bila intaneti haziandiki kitu. Mtumiaji anajaza fomu, anabonyeza kitufe cha kuhifadhi, kiduara kinazunguka weee, kisha ujumbe mwekundu unamwambia ajaribu tena baadaye. Lawama hutupiwa mtandao. Mimi naona kosa ni la usanifu. Kila mtu wa huku anajua mtandao hukatika, kwa hiyo anayejenga kana kwamba haukatiki amemtwisha mtumiaji mzigo ambao ulikuwa wake yeye.

Chukua kituo cha kupokelea kahawa cha chama cha msingi, AMCOS, kule Kibosho au Uru, msimu ukiwa umechanganya. Foleni imeanza asubuhi, wengine wamejitwika magunia, wengine wamekuja na bodaboda. Karani anapima, anataja kilo kwa sauti ili mwenye mali asikie, anaandika, anatoa stakabadhi. Kilo zile haziishii pale. Mkulima anapewa malipo ya awali, na kahawa ikishauzwa chama kinarudi kugawa malipo ya pili kwa kufuata kilo za kila mmoja. Kati ya mizani na malipo hayo inaweza kupita miezi. Namba iliyoandikwa asubuhi ile ni deni, na anayedai ni mtu aliyehangaika mwaka mzima na mibuni yake. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kilimanjaro ina karibu miaka mia moja ya kutunza madaftari ya namna hiyo. Chama cha wakulima wenyeji wa kahawa, KNPA, kilianzishwa mwaka 1925, na KNCU, muungano wa vyama vya ushirika wa mkoa, ikafuata mwaka 1933. Karani wa enzi hizo alikuwa na kalamu na kitabu, na kitabu kile kiliandikika mvua ikinyesha, umeme ukikatika, hata kama barabara ya kwenda mjini imezibwa na matope. Programu inayoshindwa kufanya kile ambacho kitabu kiliweza haijaleta maendeleo, hata skrini yake ikipendeza vipi.

Wapo wanaosema hili ni jambo la vijijini na litakwisha minara ikifika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani kadhaa. Anayeuza dawa katikati ya jiji la Arusha na anayepima kahawa mlimani walikuwa katika hali moja. Minara inaongezeka kweli: mwaka 2022 intaneti ya kasi ilifikishwa hadi kambi ya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na ni jambo jema kwa waongozaji na wagumu, yaani wapagazi, wa Mlima Kilimanjaro. Lakini gari la watalii likiingia ndani Serengeti kuna maeneo simu haishiki kabisa, na karani ambaye bando lake limeisha saa nne asubuhi hana tofauti na aliye porini. Kwa hiyo nasimamia jambo moja: maandishi ya kwanza yafanyike ndani ya simu, kwenye kanzidata (hifadhi ya data iliyopangwa) ya simu yenyewe, na seva, kompyuta ya mbali inayotunza data ya wote, ipokee nakala baadaye.

Kinachouma ni kwamba chombo cha kazi hiyo tayari kimo ndani ya kila simujanja, bure. SQLite ilianzishwa mwaka 2000 na Richard Hipp, akiwa kwenye mradi wa programu ya meli ya kivita ya Marekani. Programu yake ilitegemea seva ya kanzidata, na seva ikizima, naye alikuwa hana cha kufanya. Akataka kanzidata isiyohitaji seva wala mtu wa kuisimamia. SQLite ni maktaba ndogo ya msimbo, chini ya megabaiti 1, inayokaa ndani ya programu na kuandika kila kitu kwenye faili moja la kawaida. Haina hakimiliki, ni mali ya umma, na watunzaji wake wameahidi kuihudumia hadi mwaka 2050. Anayetengenezea Android ataikuta chini ya Room, zana ya kuitumia SQLite ambayo Google waliitoa mwaka 2017. Wa iPhone ataikuta chini ya Core Data, zana ya Apple. Wa Flutter, zana ya kujengea programu za simu za aina zote mbili, ataifikia kwa vifurushi vya sqflite au Drift. Zana utakayochagua ni suala la mazoea.

Kuianzisha ni kazi ya saa chache. Utunzaji ndio wenye mambo.

Anza na jedwali la wakulima. Jina lisiwe ufunguo, yaani alama ya kumtofautisha kila mkulima. Katika kijiji kimoja cha Uchagani akina Massawe, Mushi na Temu wanaweza kujaza ukurasa mzima, na majina ya ubatizo ni yaleyale. Hata namba ya uanachama isiwe ufunguo: baba akifariki na kihamba, shamba la ukoo, kikagawiwa, namba inaweza kuhamia kwa mtoto, lakini kilo alizopima marehemu msimu uliopita hazipaswi kuhama nayo kimyakimya. Mpe kila mkulima kitambulisho cha ndani kisichobeba maana yoyote, na namba ya chama ikae kama taarifa nyingine inayoweza kubadilika. Tena SQLite haisimamii uhusiano kati ya majedwali mpaka uiamuru, na amri hiyo hutolewa upya kila muunganisho unapofunguliwa. Anayetumia SQLite moja kwa moja akisahau amri hiyo, jedwali la mizani litapokea kilo za mkulima asiyekuwepo bila kulalamika.

Uzito na fedha viandikwe kwa namba kamili. Kilo 47 na nusu iandikwe gramu 47,500. Shilingi iandikwe shilingi. Namba za desimali ndani ya kompyuta huhifadhiwa kwa mfumo wa jozi, na 0.1 ikijumlishwa na 0.2 haitoi 0.3 kamili. Kwa gunia moja hutaona kitu. Kwa msimu mzima, jumla ya skrini inaweza kupishana na jumla ya stakabadhi, na katika mkutano mkuu wa chama tofauti ya shilingi mia tatu inatosha kuanzisha maneno ya wizi. Kuhusu muda, hifadhi saa ya dunia, ile ya UTC, kisha onyesha ya kwetu. Aliyepima saa tatu asubuhi aandikwe saa 06:00 za UTC, ili simu ikibadilishiwa majira kwa bahati mbaya kumbukumbu zisivurugike.

Jambo ambalo nisingekubali kabisa lilegezwe: mstari wa mizani usifutwe wala usihaririwe. Karani akikosea, akaandika 74 badala ya 47, marekebisho yawe mstari mpya unaotaja ule wa awali, sababu yake na aliyeuandika. Salio la mkulima lihesabiwe kutoka kwenye mistari. Ukihifadhi salio peke yake na kulibadilisha kila mara, siku ya mgogoro huna cha kumwonyesha mzee aliyekuja na stakabadhi zake zimefungwa kwa raba.

Sasa fikiria simu inazima katikati ya kuandika. Betri za simu za makarani si mpya. Kupokea gunia moja ni matendo kadhaa: mstari wa mizani, namba ya stakabadhi inayofuata, na kumbukumbu kwamba kuna kitu cha kupeleka kwenye seva. Yote matatu yafungwe katika muamala mmoja, ili yaingie yote au lisiingie hata moja. SQLite inaliweza hilo vizuri sana. Ila ukitumia hali yake ya WAL, ya kuandika kwanza kwenye faili la pembeni, ambayo Room huichagua yenyewe kwenye simu nyingi, angalia mpangilio unaoitwa synchronous, unaoamua SQLite isubiri kiasi gani maandishi yatue kwenye hifadhi ya simu. Ukiwa NORMAL, faili haliharibiki umeme ukikatika, lakini muamala wa mwisho uliokwisha kuthibitishwa unaweza kutoweka simu inapowaka tena. Kwa programu ya kusomea habari hilo halina madhara. Kwa karani aliyekwisha kutoa stakabadhi, ni gunia la mtu. Weka FULL, ukubali kuchelewa kidogo sana kila unapoandika. Karani hatauona ucheleweshaji huo, maana kupandisha gunia lijalo juu ya mizani kunachukua muda mrefu zaidi.

Hali hiyohiyo ya WAL ina mtego mwingine, na huu ndio hukamata hata watu makini. Maandishi mapya hayaingii moja kwa moja kwenye faili kuu. Yanaingia kwanza kwenye faili la pembeni lenye jina lilelile na mwisho wa -wal, kisha baada ya muda yanahamishwa. Mtengenezaji anaweka kitufe cha nakala rudufu kinachonakili faili kuu pekee kwenda kwenye kadi ya kumbukumbu. Anajaribu kwa data ya wiki iliyopita, inafunguka, anaridhika. Siku simu inapoibiwa stendi, nakala inafunguliwa na kazi ya karibuni zaidi haimo, kwa sababu ilikuwa bado kwenye faili la pembeni. Njia salama ni kuiambia SQLite yenyewe itoe nakala. Amri ya VACUUM INTO hufanya hivyo, lakini ilikuja mwaka 2019, na simu nyingi zinazotumika mitaani kwetu zina Android ya zamani yenye SQLite ya kabla ya hapo. Kwenye simu hizo, hamisha kwanza yaliyo pembeni yaingie kwenye faili kuu, funga kanzidata, ndipo unakili. Au beba SQLite yako mpya ndani ya programu, maana inaruhusiwa.

Usitegemee nakala ya moja kwa moja ya Android ikufanyie kazi hiyo. Kikomo chake ni megabaiti 25 kwa kila programu, na inahitaji karani awe ameingia kwenye akaunti ya Google inayofanya kazi. Tena kuna fundi simu ambaye, akiambiwa simu ni nzito, anakwenda kwenye mipangilio na kubonyeza futa data. Faili la SQLite linaondoka palepale. Kwa hiyo kila mstari ambao haujafika kwenye seva uonekane kwenye skrini kama idadi inayosomeka vizuri, na chama kiwe na kawaida ya kuifikisha sifuri kabla simu haijatoka mikononi mwa karani.

Nikija kwenye mabadiliko ya muundo, naomba watengenezaji vijana wanisikilize kuliko kwingine kote. Tuseme toleo la kwanza la programu halikuwa na safu ya daraja la kahawa kwenye jedwali. Chama kikaiomba katikati ya msimu. Unaongeza safu, unapandisha namba ya toleo la kanzidata, na Room inagoma kufungua faili la zamani mpaka uieleze namna ya kulibadilisha. Ukitafuta jibu la haraka mtandaoni utakutana na mstari mmoja: fallbackToDestructiveMigration. Ukiuweka, kosa linapotea na programu inafunguka. Inafunguka kwa sababu imefuta majedwali yote na kuanza upya. Jina lenyewe linasema ni uharibifu, lakini likiwa limenakiliwa usiku kutoka kwenye mfano wa mafunzo, halisomwi. Kwa programu ambayo simu ina nakala tu ya kilicho kwenye seva, mstari huo unaweza kuvumilika. Pale simu inapokuwa daftari la kwanza, ni sawa na kuchoma kitabu cha mizani, na unafanyika bila onyo kwenye kila simu inayopokea toleo jipya.

Njia ya haki ni ndefu kidogo. Kila badiliko liandikiwe hatua yake: kutoka toleo la 3 kwenda la 4, la 4 kwenda la 5. Hatua za zamani zisifutwe, kwa sababu karani wa Uru aliyekosa bando hatapitia matoleo kwa mfuatano. Atakaa na la 3 miezi mitano, kisha siku moja akiwa mjini kwenye Wi-Fi ya ndugu yake atarukia la 7. Faili lake lazima lipite hatua zote nne na kila kilo itoke salama upande wa pili. Room inaweza kukuhifadhia picha ya muundo wa kila toleo na kukusaidia kulijaribu hilo kabla hujatoa chochote. Nashauri uende mbele zaidi: tunza faili halisi la msimu uliopita, ukiwa umeondoa majina ya watu, na kila toleo jipya lifungue faili hilo kwanza. Hesabu mistari kabla na baada. Jumlisha gramu kabla na baada. Zikipishana hata gramu moja, toleo halitoki.

Upande wa kuoanisha, yaani kulinganisha data ya simu na ya seva, nitapita kwa ufupi, kwa kuwa ukishakubali kwamba mistari haihaririwi, sehemu kubwa ya ugumu imeondoka. Kilichobaki ni vitambulisho. Simu mbili zikijipa namba kwa mfuatano, kila moja itakuwa na mstari namba 1, na zikikutana kwenye seva zitagongana. Tumia UUID, kitambulisho cha biti 128 ambacho kila simu inaweza kukitengeneza peke yake bila kuuliza. Seva ikikipokea mara mbili kwa sababu mtandao ulikatika kabla jibu halijarudi, itambue ni kitu kilekile na inyamaze.

Kuna wanaopendelea kununua huduma nzima ya kuoanisha kutoka nje ili wasisumbuke. Wakumbuke yaliyoipata Realm, kanzidata nyingine ya simu. Kampuni ya MongoDB iliinunua mwaka 2019, watu wakajenga juu ya huduma yake ya kuoanisha, na Septemba 2024 ikatangazwa kwamba huduma hiyo inasitishwa. Ilifika mwisho Septemba 2025. Kampuni yenye mtaji na wahandisi wengi ilikuwa na mwaka mmoja wa kuhama. Kijana wa Sakina, Arusha, anayehudumia vyama vinne peke yake angetafuta wapi mwaka wa kuandika upya kila kitu? Faili la SQLite linafunguka kwa zana nyingi, leo na baadaye, hata kama aliyelitengeneza amehamia Dar.

Simu yenye majina, namba za simu na malipo ya watu mia nane ni hatari pia ikiangukia mikono mibaya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na chama kinachokusanya taarifa za wanachama kinaguswa nayo. Kinga ya kwanza ni kutokusanya. Kama malipo hayahitaji namba ya NIDA, isiingie kwenye simu ya karani. Kinachobaki kifungwe kwa usimbaji, yaani kisisomeke bila ufunguo wa siri: zana ya SQLCipher inafunga faili zima la SQLite, na ufunguo wake ukae kwenye hazina ya funguo ya Android, usiandikwe ndani ya msimbo ambako mtu yeyote mwenye zana na jioni moja ataukuta.

Kwa nini basi haya hayafanyiki? Nadhani jibu liko kwenye namna programu zinavyonunuliwa. Onyesho linafanyika mjini, kwenye ofisi yenye Wi-Fi, kwa data kumi za mfano, na wajumbe wa bodi wanaangalia rangi na ripoti. Mtengenezaji naye analipwa ripoti ikitoka. Hakuna anayelipwa kwa kuandika hatua ya kutoka toleo la 3 kwenda la 4. Siwalaumu wajumbe, maana hawajaambiwa waulize nini.

Wajumbe wasikubali onyesho la ofisini peke yake. Simu iwekwe kwenye hali ya ndege. Karani mwenyewe, si mtengenezaji, apime magunia kumi na kuyaandika. Baada ya la kumi simu izimwe kwa kushikilia kitufe mpaka ikatike, iwashwe, na magunia yahesabiwe. Kisha liwekwe toleo jipya juu ya la zamani, hali ya ndege ikiwa bado imewashwa, yahesabiwe tena. Nakala rudufu itolewe na ifunguliwe kwenye simu nyingine, yahesabiwe mara ya tatu. Mwisho hali ya ndege izimwe, na magunia kumi yaonekane kwenye seva, yasiwe tisa wala kumi na moja. Jaribio hili halimalizi asubuhi moja, na liandikwe kwenye mkataba kabla ya malipo ya kwanza, pamoja na sharti kwamba kila Ijumaa katibu anatoa data yote ya chama kwenye kompyuta ya ofisi, katika faili ambalo anaweza kulifungua bila kumpigia mtu simu.